Ushauri: Mdogo wangu achague nano au chanzo cha hewa ya dunia?

BintiLikoni: Salaam aleikum wadau. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu huku Likoni, Mombasa. Kwa mashindano ya sayansi mwalimu amewapa mada mbili, wachague moja: nanomateriali (vitu vya chembe ndogo mno) zinavyotengenezwa, au angahewa ya dunia ilivyotokea. Yeye anang'ang'ania nano kwa kuwa jina lina mvuto. Mimi naona atakwama, vifaa hana. Ya hewa nayo ni kukariri tu, majaji watasinzia. Achague ipi?

MzeeKibokoni: Waaleikum salaam. Hewa. Nano ni mambo ya viwanda, msimtese mtoto.

DogoTudor: Si lazima viwanda mzee. Grafini ilipatikana Manchester mwaka 2004 kwa utepe wa gundi. Wanasayansi Geim na Novoselov waliubandika kwenye grafiti, ile ya ndani ya penseli, na kubandua, tena na tena, mpaka likabaki tabaka la unene wa atomi moja. 2010 wakapewa Nobel. Hiyo ni njia ya kupunguza kikubwa kiwe kidogo. Nyingine ni kujenga kuanzia chini: kemikali zikutane, chembe zikue, halafu uzizuie kabla hazijapita nanomita 100 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). Kazi iko hapo kwenye kuzizuia.

BintiLikoni: Utepe anao. Hilo tabaka atawaonyesha majaji kwa macho gani?

FundiChokaa: Dada, asichague, aziunganishe zote mbili. Aokote jiwe. Mawe ya kujengea tunayochimba Pwani ni matumbawe ya kale, kalsiamu kaboneti. Hewa ya dunia changa ilitoka kwa wingi kwenye volkeno: mvuke wa maji, hewa ukaa, naitrojeni. Oksijeni ilikuja kujaa baadaye, takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, kazi ya bakteria wanaojilisha kwa mwanga wa jua. Na ile hewa ukaa ilienda wapi? Nyingi iliyeyuka baharini, ikaishia kuwa mawe ya chokaa. Sayari ya Zuhura haina bahari, na mpaka leo hewa yake ni hewa ukaa asilimia 96. Sasa wazee wetu walipochoma matumbawe wapate chokaa ya nyumba za Mji wa Kale, walikuwa wakiirudisha angani. Tanuu ikikaribia nyuzi 900 jiwe linaiachia, inabaki chokaa hai.

Nano inaingia hapo. Viwandani wanapitisha hewa ukaa kwenye maji mazito ya chokaa, kaboneti inazaliwa upya kama unga mweupe. Ukidhibiti joto, ukolezi na kukoroga, chembe zinabaki ndogo kiasi cha kuitwa nano. Unga huo huingia kwenye plastiki, rangi na mpira.

MwalimuKisauni: Fundi kasema. Naongeza ya maabara. Siki juu ya vipande vya jiwe ndani ya chupa, mrija upeleke gesi kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa. Yatakuwa meupe. Akizidisha gesi yatarudi kuwa maangavu, na hilo alieleze pia, maana ndivyo maji ya mvua yanavyokula mawe ya chokaa mpaka yakawa mapango. Arudie kwa maji baridi na ya vuguvugu, alinganishe unga unavyotua. Ila asiandike "nimetengeneza nano". Bila hadubini ya elektroni hana ushahidi, na jaji mmoja anayejua atambomoa. Chokaa hai asiiguse kabisa, inaunguza macho. Atumie iliyozimwa kwa maji, tena avae miwani.

MzeeKibokoni: Na asiende kung'oa matumbawe hai huko Nyali. Ile ni hifadhi.

BintiLikoni: Nimemsomea, amekubali kabla sijamaliza. Anauliza chokaa iliyozimwa ataipata wapi.

FundiChokaa: Duka la vifaa vya ujenzi. Asome mfuko kwanza, uwe umeandikwa kalsiamu haidroksaidi. Kuna unga mweupe wa kupaka kuta ambao ni kaboneti iliyosagwa tu, huo hautamfaa. Jiwe asinunue, apite wanapojenga aombe vipande.