Wanangu wamenizawadia vifaa vya useremala Idd hii. Rauta ya volti 120 nifanye nayo nini?

MwalimuMakorora

Assalaam alaykum, na habari za Idd wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Makorora hapa Tanga. Useremala si kazi inayonipa riziki, ni kitu nilichokipenda tangu ujana na sasa nimepata nafasi nacho. Natengeneza vigoda, rafu za vitabu, marufaa ya kuwekea msahafu, na mbuzi za kukunia nazi ambazo majirani huziagiza. Vifaa vyangu mpaka juzi vilikuwa msumeno wa mkono, randa ya mti, nyundo, tupa na patasi zilizoisha urefu kwa kunolewa.

Idd hii wanangu wameshauriana bila mimi kujua. Binti yangu wa Dar kaleta drili ya betri. Mkwe wangu kaleta seti ya patasi sita ndani ya boksi la plastiki, zinang'aa kweli. Kijana wangu aliyeko Marekani kamkabidhi mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani mzigo wa rauta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kingo na mifereji, pamoja na kiboksi cha biti zake, vile visu vinavyofungwa kwenye mashine na kuzunguka. Tena rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye marehemu baba yake alikuwa seremala, kaniletea randa ya chuma ya mzee. Imeshika kutu, lakini ukiinyanyua unaona kabisa kwamba hiki ni chombo.

Nimefurahi kupita kiasi. Sasa mnisaidie.

Rauta ina kibati ubavuni kimeandikwa volti 120, hezi 60, ampia 11. Sijaichomeka. Kijana wangu anapiga simu kila Ijumaa: "Baba, umeshaitumia? Nitumie picha." Fundi mmoja mtaani ameniambia niiache kwake ataisuka mota iwe ya volti 230. Mwingine kaniambia niiuze tu ninunue ya hapa hapa. Sitaki kumvunja moyo mtoto aliyejinyima huko kwa ajili yangu, wala sitaki kuua mashine.

La pili, patasi mpya nimezijaribu kwenye mninga na makali yamelala pale pale. Ni mbovu au kuna la kufanya?

La tatu, ile randa. Nianzie wapi bila kuiharibu?

UmemeNgamiani

Waalaykum salaam, shikamoo mwalimu. Umefanya jambo la maana kusoma kibati kwanza.

Usiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani. Umeme wetu ni volti 230, karibu mara mbili ya unaotakiwa. Mota itazunguka kwa kasi isiyotengenezewa na nyaya zitaungua ndani ya muda mfupi sana. Na kwa rauta hatari haiishii kwenye mota, kwa sababu biti nayo ina kikomo chake cha mizunguko. Rauta nyingi zinafika mizunguko 25,000 kwa dakika katika hali ya kawaida, kwa hiyo ikivuka hapo biti ikivunjika itaruka, nawe umeinamia mbao.

Habari njema ni hiyo hezi 60. Mota ya rauta ni ya kaboni, yaani ina vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka, na mota za kaboni hazijali hezi 50 au 60. Ingekuwa msumeno mkubwa wa mezani wenye mota isiyo na kaboni ningekwambia mengine, maana hiyo hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita kwenye umeme wetu na hupata joto. Yako shida yake ni volti tu, na volti zinashushwa kwa transfoma.

Kuhusu kusuka mota, nakushauri usikubali. Fundi mzuri anaweza kuzisuka nyaya, sikatai. Lakini rauta za siku hizi zina kadi ya kudhibiti kasi, nayo imeundwa kwa volti 120. Ukisuka mota ukaiacha kadi, umefanya nusu ya kazi kwa bei nzima.

KijanaWaDuga

Mzee wangu mimi nasema uza. Transfoma nayo ni hela, halafu ni mzigo wa kubeba. Ukiuza ukaongeza kidogo unapata ya 230 unachomeka unafanya kazi. Ila umwambie mnunuzi ukweli kuhusu volti.

MamaMikanjuni

Shikamoo mwalimu, na Idd mubarak.

Mimi si seremala, mume wangu ndiye, lakini hili la kijana naomba nilisemee. Mpigie leo umwambie vile ilivyo: mashine ni nzuri, umeme wa huku ni mwingine, inahitaji transfoma, ndiyo maana bado hujaiwasha. Watoto wetu walioko mbali wanasahau mambo ya soketi na volti kwa sababu huko hawaoni tofauti. Wengi wao ukiwaambia wazi watataka wamalizie walichokianza. Ukikaa kimya, kila Ijumaa atajiuliza kama baba hakuipenda zawadi, na hilo ndilo litakalomuumiza.

Kuiuza bila kumwambia sikuungi mkono. Ile si rauta ya dukani tena, imeshakuwa zawadi ya Idd ya mtoto kwa baba yake. Akiridhia mwenyewe, hiyo ni habari nyingine.

SeremalaMuheza

Mwalimu, nijibu la patasi.

Usizitupe. Patasi za boksi huja na makali ya kiwandani ambayo hayajakamilika, na mara nyingi yamenolewa membamba mno kwa mbao zetu. Kona, yaani ule mteremko wa kwenye makali, ikiwa ya nyuzi 25 inafaa paini ya Shume. Ukienda kwenye mninga, mkongo au mtiki unataka nyuzi 30 mpaka 35 pale kwenye ncha. Huna haja ya kuiondoa kona yote, ongeza kona ndogo ya pili kwenye ncha tu.

Lakini anza na mgongo, ule upande bapa usio na kona. Watu wanahangaika na upande wenye kona na kuusahau mgongo, wakati makali ni pale pande mbili zinapokutana. Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, kilaze juu ya meza, weka msasa wa maji namba 400, nyunyizia maji kidogo, laza mgongo wa patasi bapa na usugue. Baada ya muda utaona sehemu ya mbele inabadilika rangi na kuwa ya kijivu iliyolingana. Ikibaki alama inayong'aa kwenye pembe ya ncha, bado hujafika. Endelea namba 1000, kisha 2000, mpaka uone uso wako humo. Mgongo unafanya hivyo mara moja tu katika maisha ya patasi.

Ndipo ugeuze unoe upande wa kona mpaka kidole kikipita mgongoni kihisi kijinyuzi cha chuma kilichopinda kutoka ncha moja hadi nyingine. Kijinyuzi kisipoenea upana wote, makali bado. Kiondoe kwa kulaza mgongo tena kwenye 2000, umalizie kwa kuvuta patasi kinyumenyume juu ya ngozi ya mkanda wa zamani. Jaribu kwa kukata kichwa cha mbao laini, pale nyuzi zinapoishia. Ikiacha uso mlaini bila kurarua, sawa.

Ukitumia mashine ya kunolea ya umeme, chovya kwenye maji kila baada ya mguso mfupi. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, ugumu umeondoka, na itabidi ukate mpaka uipite sehemu hiyo. Na tumia nyundo ya mti, hiyo ya chuma itapasua mipini.

Ukinoa hivi na makali bado yakalala, hapo sasa tutasema chuma ni laini. Baki nazo kwa mbao nyepesi. Mtiki wa huku kwetu Longuza usiupe patasi ya namna hiyo, una silika ndani yake, chembe ngumu kama za mchanga, unakula hata makali mazuri.

MchongajiBagamoyo

Mwalimu, nimesoma uzi wote nikisubiri watu wafike kwenye randa. Kwangu mimi hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Imeandikwa nini?

MwalimuMakorora

Nawashukuru sana. MamaMikanjuni, nimempigia kijana jana usiku baada ya isha. Kasikitika kidogo kisha kacheka, kasema atatuma hela ya transfoma na hataki nisikie habari ya kuuza. Nashukuru kwa kunisukuma.

Mchongaji, randa imeandikwa Stanley, na nyuma ya kishikio cha mbele pana namba 4. Mpini mmoja wa mti una ufa.

MchongajiBagamoyo

Basi umepata chombo. Namba 4 ndiyo randa ya kila siku ya seremala, kisu chake ni cha inchi 2. Muundo wake ni wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye Stanley walichukua hataza zake mwaka 1869, na haujabadilika sana tangu hapo. Faida yake kwako ni kwamba hata kisu kikiisha, visu vya upana huo bado vinauzwa.

Fungua kila kitu. Mipini ya mti weka kando, ule wenye ufa tia gundi ya mbao, funga kwa mpira wa baiskeli mpaka kesho yake. Skrubu zilizogoma zipe mafuta ya taa na subira, usizilazimishe. Vipande vidogo vyenye kutu loweka kwenye siki usiku mmoja, usizidishe, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua ukali wa siki, kausha juani, paka mafuta hapo hapo. Usiviache vikiwa vikavu hata kwa muda wa kunywa chai, kwa hewa yetu ya pwani kutu itarudi mbele ya macho yako.

Tako la randa, yaani uso wake wa chini, lisawazishe kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kama alivyosema Muheza, huku kisu kikiwa kimefungwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani. Kisu chenyewe kinolewe kama patasi. Halafu lile bati linalokaa juu ya kisu, hakikisha ukingo wake unakaa bila mwanya, maana maranda yakipenya hapo randa inaziba. Kwa kazi ya kawaida liache nyuma ya ncha kiasi cha milimita moja. Kwa mninga au mvule wenye nyuzi zilizopishana lisogeze mpaka nusu ya hapo au chini zaidi, utaona mbao inaacha kuchanika.

Kabla ya kupiga randa pitisha mshumaa kwenye tako, mistari miwili mitatu tu. Mkono utajua tofauti.

Na patasi za mkwe usizirudishe kwenye boksi la plastiki lenye sponji. Sponji inashika unyevu. Zifute jasho, zipake mafuta ya cherehani, zikae kwenye kitambaa cha pamba.

MwalimuMakorora

Nimeyaandika yote kwenye daftari. UmemeNgamiani, nitafute transfoma ya wati ngapi?

UmemeNgamiani

Volti 120 mara ampia 11 ni wati 1,320. Mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa sekunde chache, na transfoma nyingi za madukani zinaandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake. Chukua ya wati 3,000. Iinue: ikiwa nyepesi mkononi, ndani hamna shaba na chuma cha kutosha. Usinunue vile vibadilishi vidogo vya wasafiri vya pasi na mashine za nywele, vitaharibu ile kadi ya kudhibiti kasi.

Kabla ya kuunganisha rauta, pima volti zinazotoka. Na kumbuka nyingi kati ya hizi transfoma waya wake wa upande wa 120 bado umeungana na umeme wa ukutani, kwa hiyo zinaweza kukupiga shoti ya volti 230 vilevile. Usifanye kazi peku juu ya sakafu yenye maji.

SeremalaMuheza

Naongeza jambo moja ambalo watu huligundua wakati biti imesharuka. Rauta ya Marekani ina koleti, ile sehemu inayoshika shina la biti, ya robo inchi au nusu inchi, yaani milimita 6.35 au 12.7. Madukani utakutana pia na biti za milimita 6, 8 na 12. Biti ya 6 itaingia kwenye koleti ya 6.35 vizuri tu na utadhani imekaza. Haijakaza. Nenda dukani na biti mojawapo alizotuma kijana, na muuzaji apime shina kwa kalipa, kile kipimo cha unene, mbele yako.

Ukiiwasha, shikiza mbao kwa klampu au jiliwa, si kwa mkono wa mjukuu. Kingo za nje za kigoda zungusha kinyume cha mwendo wa saa, ili biti ikutane na mbao badala ya kukukimbia. Chonga kidogo, rudia, chonga tena. Vaa miwani na barakoa, hasa kwenye mvule, vumbi lake linawasha kifua na ngozi.

KijanaWaDuga

Nimebadilisha mawazo, mzee abaki nayo. Mwalimu, ukipata transfoma nijulishe, naja na mbao za mtiki zenye risiti na hati yake ya kusafirishia, nataka kuona mbuzi ya nazi yenye kingo za mviringo.

MwalimuMakorora

Karibu sana, ila mtiki hapana. Nimemsikia Muheza kuhusu silika, na biti hizi ni za kijana. Leta mkangazi, tuanzie hapo. Klampu ninazo mbili ndogo tu, ukiwa na nyingine njoo nazo.