Mama anazungukwa akigeuka kitandani, na sikio moja zito: vipimo vya hospitali ya KCMC vikoje?

Binti wa Machame
Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 64. Akigeukia kulia kitandani, au akiangalia juu kwenye mgomba, nyumba inamzunguka kwa nusu dakika hivi kisha inatulia. Sikio la kushoto nalo limekuwa zito kwa miaka mingi. Amepewa rufaa ya KCMC, kliniki ya masikio, pua na koo, wiki ijayo. Anatumia Stugeron ya kizunguzungu na dawa ya presha. Vipimo vinafanywaje, na tujiandae vipi asije akarudishwa?

Mpima Usikivu
Pole kwa kuuguza, dada. Usichukulie moja kwa moja kwamba sikio zito ndilo linalomzungusha. Anazungukwa akigeukia kulia, sikio zito ni la kushoto, kwa hiyo huenda ni mambo mawili tofauti na kila moja lina kipimo chake.

Kizunguzungu cha muda mfupi kinachoamshwa na mkao wa kichwa, kwa umri wake, mara nyingi husababishwa na vichembe vya chokaa vilivyobanduka ndani ya sikio na kuingia kwenye mfereji mmojawapo wa usawa wa mwili. Kipimo chake kinaitwa Dix-Hallpike, na kitanda kinatosha. Mama anakaa miguu imenyooka kitandani, kichwa kinageuzwa digrii 45 upande unaopimwa, kisha analazwa chali haraka mpaka kichwa kining'inie kidogo nje ya ukingo, kama digrii 20 chini ya usawa wa kitanda. Mpimaji anatazama macho. Vichembe vikiwemo, baada ya sekunde chache macho yanaanza kuchezacheza huku yakizunguka kuelekea sikio lililo chini, na ndani ya dakika moja yanatulia.

Kinachoharibu kipimo hiki ni mgonjwa kufumba macho kwa hofu, au mpimaji kumwinua mapema mno. Asubiriwe angalau sekunde 30, na pande zote mbili zipimwe. Jibu likipatikana, anaweza kutibiwa papo hapo kwa njia ya Epley: kichwa kinapitishwa mkao mmoja baada ya mwingine, kila mkao nusu dakika hadi dakika nzima. Akiwa na shida ya shingo au mgongo, aseme kabla hajalazwa.

Stugeron inapunguza huko kucheza kwa macho tunakokutafuta. Kwa kawaida dawa za kizunguzungu husimamishwa saa 48 kabla, ila mwulizeni kwanza daktari aliyeiandika. Ya presha asiiache hata siku moja. Halafu waombeni wampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kwani ikishuka sana akisimama nayo inaleta kizunguzungu.

Fundi Desibeli
Niongezee upande wa usikivu. Anaingia chumba kisichopitisha kelele, anavaa hedifoni na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu kabisa. Huanza na sikio zuri, mlio wa 1000 Hz. Akisikia, sauti inashushwa desibeli 10; asiposikia inapandishwa 5, hadi upatikane mwanzo wa usikivu wake, yaani sauti hafifu kabisa anayoweza kuisikia. Kisha milio ya juu hadi 8000, na ya chini hadi 250. Baadaye kitetemeshi kinawekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akisikia vizuri kwa mfupa lakini vibaya kwa hedifoni, kizuizi kiko sikio la nje au la kati, na mara nyingi hilo linatibika.

Angalieni hapa: mtetemo wa mfupa unasambaa fuvu zima, kwa hiyo sikio zuri la kulia linaweza kujibu kwa niaba ya la kushoto. Lazima sikio la kulia lipewe kelele ya kuliziba wakati la kushoto linapimwa. Bila hivyo, sikio lililokufa litaonekana lina nafuu. Ulizeni bila woga kama imefanyika. Kwenye karatasi ya majibu, duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu ni la kushoto.

Nta iondolewe siku kadhaa kabla, na asichokoe kwa vijiti vya pamba.

Binti wa Machame
Asanteni sana. Mama anasema utotoni sikio hilo lilikuwa likitoa usaha. Tulitaka kumtilia mafuta ya kulainisha nta.

Mpima Usikivu
Msitie chochote! Kiwambo cha sikio kinaweza kuwa na tundu. Daktari alitazame kwanza, kisha timpanometria: kizibo laini kinawekwa sikioni, hewa inasukumwa na kuvutwa. Mchoro ukitoka bapa na ujazo mkubwa wa mfereji wa sikio, kuna tundu. Bapa na ujazo wa kawaida, kuna majimaji nyuma ya kiwambo; bapa na ujazo mdogo, huenda nta imeziba. Wakitaka kumpima usawa wa mwili kwa kumtia sikioni maji ya nyuzi 30 na 44, waambieni historia hiyo, maana sikio lenye tundu haliingizwi maji. Na kama anazungukwa akibonyeza kidole mlangoni mwa sikio hilo, au usaha wenye harufu umerudi, litajeni mapema: ugonjwa wa zamani unaweza kuwa umekula mfupa wa sikio la ndani.

Nesi wa Zamu
Kabla ya tarehe hiyo, akipata ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa upande mmoja, au akashindwa kusimama kabisa, mpelekeni dharura bila kusubiri kliniki. Sikio la kulia nalo likiziba ghafla ndani ya siku moja hadi tatu, aonwe siku hiyohiyo. Dawa ya hali hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Siku yenyewe ale chakula chepesi, asipake wanja, kwa kuwa kamera ya miwani ya kupimia macho yanavyocheza hukosea kusoma jicho. Beba maboksi ya dawa zote, rufaa na kadi ya bima. Kwenye Hiace akae mbali na spika, muziki mkubwa huchosha sikio kwa muda na kuharibu majibu. Kurudi asipande bodaboda, na mtu amshike mkono mpaka nyumbani.