Mrejesho: 70-200mm f/2.8, kuirudisha au kubaki nayo

Wakuu, swali lilikuwa hili: lenzi hii ya kuvuta ni ya bei kali, picha za f/2.8 (f/ ni tundu la mwanga la lenzi; namba ndogo, tundu kubwa) zinatoka na ukungu, yaani hazina ukali, je, niirudishe nichukue ya f/4? Mlishauri ipimwe kwanza. Majibu haya hapa.

Gazeti limebandikwa ukutani, kamera kwenye tripodi, lenzi ikiutazama ukuta sawasawa. Hapo wengi hukosea: kamera ikikaa mshazari kidogo tu, upande mmoja unafifia na lenzi inasingiziwa. Kitulizi cha mtikisiko kizimwe, taima iwe sekunde 2, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe 100, fokasi kwa mkono huku skrini imekuzwa. Piga f/2.8, f/4 na f/5.6, lenzi ikivutwa hadi 70, 135 na 200mm. Kona zote nne zikififia kidogo kwa f/2.8 kisha zikakaza kwa f/5.6, ni kawaida. Kona moja ikibaki nyuma peke yake, vioo vya ndani vimekaa upande. Hiyo rudisha bila mjadala.

Yangu imepita. Ukungu unatokana na shata (muda wa kunasa picha) ya 1/80 ya sekunde: kitulizi hutuliza mkono, hakimsimamishi anayetembea. Kwa watu, anzia 1/500. Pia, kwa 200mm f/2.8 kwenye fulu-fremu (kamera yenye kihisi kikubwa, sawa na filamu ya 35mm), mtu akiwa mita 3, eneo kali ni sentimita 3 au 4 tu. Fokasi iwe jichoni.

Ukumbini, f/4 ingedai ISO 6400 pale f/2.8 inapotosheka na 3200. Inabaki. Uzito ndio kero, monopodi (stendi ya mguu mmoja) inafuata.