Naombeni ushauri: pambano la manowari za anga kwenye riwaya yangu halina umbali

Kalamu_Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Huu ni mwaka wa pili naandika riwaya ya kijeshi ya anga za mbali. Wanadamu wana msafara wa manowari 40 unaolinda mfumo wetu wa jua, kisha wanatokea viumbe wageni ambao nia yao haijulikani. Nimefika sura ya 9, pambano la kwanza, nimekwama.

Dada yangu ndiye msomaji wangu wa kwanza. Ameniambia kwamba haoni ukubwa wa anga, na nikisoma tena naona kweli. Amiri anatoa amri, mizinga inanguruma, meli ya adui inalipuka, aya inayofuata watu wanashangilia. Mimi nataka msomaji aogope pamoja na Luteni wangu, binti wa miaka 23 anayekaa kwenye mitambo ya mawasiliano. Nahofia nikiweka sayansi ya kweli hadithi itapoa. Nifanyeje?

Fundi_Mitambo
Mkuu, hongera kwa kufika sura ya 9, wengi huishia ya 3.

Ngurumo iondoe kwanza. Nje hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Luteni atasikia tu kinachotikisa chuma cha meli yake mwenyewe.

Halafu umbali. Mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Adui akiwa kilomita milioni 3 kutoka kwako, unamwona alivyokuwa sekunde 10 zilizopita, na leza yako itachukua sekunde 10 nyingine kumfikia. Katika sekunde hizo 20, meli inayoongeza kasi kwa nguvu sawa na uvutano wa dunia itakuwa imechepuka karibu kilomita 2 kutoka pale ulipoitarajia. Mpiga shabaha wako, basi, anabahatisha mawazo ya nahodha mwingine. Hapo hadithi itapoa kweli?

Kingine ambacho waandishi wengi hukisahau ni joto. Hakuna upepo wala maji ya kupoza chochote, joto hutoka kwa mnururisho peke yake, yaani kama miale. Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga kina mabawa maalumu ya kutoa joto, mbali na yale ya umeme wa jua. Manowari ikikunja mabawa hayo ili yasipigwe, wafanyakazi wanaanza kuiva ndani. Mpe amiri wako uamuzi huo.

Mama_Sarufi
Mwanangu, mimi si mtu wa roketi, ila Kiswahili chenyewe kina silaha hujaitumia. Tuna "yupo" na "yuko". Yupo ni pale panapojulikana, yuko ni huko kusiko na hakika. Katika meli yako iwe ni nidhamu ya kazi: adui wa karibu "yupo", wa mbali "yuko", na yule ambaye taarifa yake ina umri wa dakika nzima "alikuwako". Kuruta akikosea anakemewa mbele ya wenzake. Msomaji atauhisi umbali bila kupewa hesabu hata moja.

Nyota_ya_Saba
Naunga mkono hoja ya Mama. Fundi naye yuko sahihi, ila mkuu usimwage namba zote kwenye sura moja, utatuchosha. Chagua moja uikazie.

Wageni wako je, wanatoka wapi? Nyota ya jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, yaani mwanga wake huchukua miaka 4.2 kutufikia. Wakisafiri kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, ni miaka 42 njiani. Maana yake walipoondoka kwao Luteni wako hajazaliwa. Waliowatuma pengine wamekufa, na amri waliyopewa inahusu dunia ambayo haipo tena. Hao wananitisha kuliko jitu lenye meno, maana hata ukitaka kuzungumza nao amani, anayeweza kubadili amri yao hayupo karibu.

Fundi_Mitambo
Nyota umenigusa. Nakubali, achague joto au umbali. Mimi ningeshika umbali.

Kalamu_Usiku
Wakuu, sijui niseme nini. Nimefuta kurasa 11 na sijutii. Mama, shikamoo, "alikuwako" limeniingia moyoni. Nimejaribu hivi:

*Sauti ya nahodha wa meli ya doria ilikuwa tulivu. Alisema mabawa yamekunjwa, joto ni kali lakini vijana wanavumilia, wanaomba ruhusa ya kurudi nyuma. Luteni alitazama saa ya mtambo. Kilomita milioni 150. Dakika 8 na zaidi.*

*"Afande, meli ya doria inaomba ruhusa ya kurudi."*

*"Wako wapi?"*

*Alifungua mdomo kujibu. Kwenye kioo, nukta ya doria ilikuwa bado inawaka.*

*"Walikuwako kwenye mstari wa tatu, afande."*

*Amiri aliinamisha kichwa. "Wape ruhusa," alisema, na Luteni akaituma, neno moja, litakalofika dakika 8 baadaye.*

Nyota, hiyo miaka 42 naipeleka sura ya 10. Naombeni mnipitishie jicho hapo kwenye "litakalofika", sina uhakika kama niliache au niandike "lifike".

Mama_Sarufi
Marahaba mwanangu. Andika "lifike". Yeye hajui kama litafika.