PAYE nilikatwa kila mwezi, leo mfumo unasema nadaiwa 34,000. Hii kufaili ritani ni ya kusaidia nani?

Jameni nimechoka na leo nasema yote. Mimi ni mwajiriwa hapa Kenya, sina duka, sina nyumba ya kukodisha, kitu ninayo ni mshahara wa 60,000 peke yake, na kila mwisho wa mwezi kabla sijaushika PAYE, ile kodi mwajiri anakata kwa mshahara, imeshatoka, 8,500 na kitu, haijawahi kuniruka hata mara moja. Sasa juzi usiku nikakaa chini nifaili ritani, ile fomu ya kodi ya KRA, ya mwaka jana kabla 30 Juni ifike, nikijua ni kazi ya dakika kumi juu siku hizi fomu inajijaza yenyewe. Nafika pale kwa PAYE naona mistari minane. Nikahesabu na kidole kwa skrini, Januari, Februari, Machi, halafu inaruka mpaka Agosti. Aprili, Mei, Juni, Julai hazipo. Mshahara wa mwaka mzima upo vile P9, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, inasema, lakini kodi ya miezi minne hakuna, na huko chini imeandikwa natakiwa kulipa 34,000 na ushee.

Pesilipu za hiyo miezi minne ninazo, nimezitandaza hapa kwa meza, zote zimeandikwa PAYE imekatwa. Nimeuliza kazini naambiwa "tutaangalia". Mtaangalia lini na siku zinayoyoma?

Na ndio naona vile hii kitu imetegwa. Mwajiri ndiye anatakiwa kupeleka hiyo pesa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, si mimi. Sheria inamdai yeye. Lakini mwenye anatangulia kuona deni kwa jina lake ni mimi. Nisipofaili ni faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iko juu. Nikifaili vile ilivyo nimekubali deni sio langu, na likikaa linaongezwa asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nikijaza mwenyewe ile miezi iliyokosa, naanza kutafutwa nieleze pesa iko wapi. Sasa mtu afanye nini?

Wale hawana kipato ndio wananiuma zaidi. Jana nimeenda saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, kuprint hizi karatasi, foleni imetoka mpaka kwa mlango, wengi ni vijana walichukua PIN, namba ya mlipa kodi, ndio waombe mkopo wa masomo ama wafungue akaunti ya benki. Msichana mmoja mbele yangu ameambiwa ana faini za miaka mitatu, 6,000, na hajawahi kuandikwa kazi hata siku moja. Alikuwa amekuja na mia mbili ya kufailiwa nil, yaani ritani ya sifuri. Alisimama tu hapo ameshika simu, hakusema kitu. Serikali inapata nini kwa mtu kuandika sifuri?

Na tusiambiwe eti haiwezekani kuwa rahisi. Hapo Uganda tu, ukiwa na mwajiri mmoja na anakukata kodi, na huna kipato kingine, haupeleki ritani. Uingereza waajiriwa wengi hawajawahi kujaza hiyo fomu maishani. Sweden unaletewa imeshajazwa, ukiona iko sawa unathibitisha kwa simu basi.

Mimi naomba kitu moja, hata hiyo fomu ibaki. Kila mwezi baada ya tarehe 9 nitumiwe SMS: mwajiri wako ameleta 8,538 ya mwezi wa nne, ama hajaleta. Nikituma mia kwa M-Pesa ujumbe unaingia saa hiyo hiyo, kwa nini kodi yangu nijulie mwaka unaofuata, wakati hata mhasibu aliyekuwa hapo kazini ameshaacha? Ningejua Mei mwaka jana ningeenda kumsimamia kwa ofisi yake na pesilipu mkononi. Na mfumo ukiona pesilipu inasema nimekatwa, umfuate mwenye alikata.

Sasa kuna mwenye imempata hii ya miezi kukosa, na ikarekebishwa? Ulifaili kwanza ndio ukalalamika ama ulilalamika kwanza? Na walikubali pesilipu peke yake ama walitaka barua ya mwajiri? Juu barua yangu siioni ikitoka kabla 30.