Brevis inazima ikiwa sailensi: dawa ya tangi, kuosha throtobodi au kufungua manifoldi?

Bonde_la_Zabibu: Wadau, nina Toyota Brevis yenye injini ya 1JZ-FSE. Barabara ya Singida inakimbia bila shida, ila nikiachia mafuta kwenye kipilefti au foleni ya Sabasaba, yaani ikiwa sailensi (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta), mshale wa mizunguko ya injini unashuka na gari inazima. Nikiwasha AC ndiyo usiseme. Mashine ya kupimia gari haionyeshi kosa. Fundi mmoja anataka dawa ya kusafishia inayomwagwa kwenye tangi la petroli, mwingine throtobodi (mlango wa hewa ya injini) ioshwe, wa tatu anang'ang'ania manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) ifunguliwe. Nianze na nani?

Spana_Kizota: Throtobodi, mkuu. Ikiwa sailensi, hewa inapenya kwenye mwanya mdogo sana pembeni ya kile kisahani cha ndani ya throtobodi kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Masizi yakiuziba, injini inakosa pumzi. Ukikanyaga mafuta kisahani kinafunguka, ndiyo maana ukiwa safarini huoni tatizo. Puliza dawa ya throtobodi, futa kwa kitambaa laini. Usikisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, hiyo yako ni ya umeme. Sailensi ikipanda au kuyumba baada ya kuosha usishtuke, kompyuta inajifunza upya.

Mama_Nkuhungu: Mimi IST yangu ilitulia kwa dawa ya tangi tu. Nani ana muda wa kushinda gereji?

Spana_Kizota: Dada, IST nozeli zake zinapuliza petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo dawa inaziosha valvu hizo. Brevis ni D-4: petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda. Dawa itasaidia nozeli, lakini nyuma ya valvu haifiki. Na throtobodi haiguswi kwenye gari zote mbili, pale hupita hewa tu.

Mzee_wa_Area_C: Wa manifoldi naye hajakosea, ila anaanzia mwisho. D-4 iliyotembea sana hushika masizi magumu kwenye valvu, ambazo unazifikia kwa kufungua manifoldi, na kuyatoa ni kukwangua au kurushia chembe za maganda ya jozi kwa upepo wa kompresa. Hapo weka bajeti ya gaskiti (kizibo cha kwenye maungio) pia. Kabla ya yote angalia klina (chujio la hewa), kwa vumbi letu hili, na mipira ya hewa. Mpira uliopasuka huzimisha gari vilevile, na hakuna dawa itakayouziba.

Bonde_la_Zabibu: Basi klina na mipira kwanza, halafu throtobodi. Gaskiti yake nibadilishe?

Spana_Kizota: Ikiwa imekakamaa au imekatika, badilisha. Ukirudisha mbovu itavuta hewa, na hiyo sailensi hutaipata.