Kiti gani cha dirishani kinamfaa anayetaka kuona mandhari?

Swali
Ndugu zangu, ninatarajia kusafiri kwa ndege ya jeti yenye njia moja katikati na viti vitatu kila upande, nami ningependa kuona milima na mwambao badala ya kulala. Ramani ya viti inaonesha herufi na nambari tu. Je, nianze kwa kuchagua upande au safu? Na je, ni kweli kwamba viti vya mbele ndivyo bora?

Jibu la kwanza
Anza na upande. Watu hung'ang'ania viti vya mbele, ilhali aliyeketi safu ya kwanza kwa upande usio na mlima ataambulia mawingu. Katika ndege kama hiyo, herufi A kwa kawaida huwa dirishani kushoto na F dirishani kulia, ukiwa umeelekea mbele. Mfano ulio wazi ni safari ya Delhi kwenda Kathmandu: ndege huelekea mashariki na milima ya Himalaya iko kaskazini, kwa hiyo anayekwenda huketi kushoto na anayerudi huketi kulia.

Kisha lifikirie jua. Ukitazama upande linakotokea, kila mkwaruzo wa dirisha hung'aa, na ukungu wa mbali hugeuka pazia jeupe. Anayeruka kuelekea kaskazini asubuhi hupigwa na jua kulia, na jioni hupigwa kushoto. Upande wa kivuli una zawadi yake pia, kwa kuwa ndege ikipita juu ya mawingu huenda ukaona kivuli chake kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Hata hivyo, kama mlima unaoutaka uko upande wa jua, mimi ningeufuata mlima.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu upande, lakini safu nayo isidharauliwe. Ukikaa juu ya bawa, utakachokiona chini ni bati. Ukikaa nyuma yake unaona zaidi, ila hewa ya moto inayotoka kwenye injini huitetemesha picha ya ardhi, jambo linaloudhi sana mpiga picha. Kwa hiyo ni kweli kwamba mbele ya bawa ni bora, lakini kuna mtego: katika Boeing 737, sehemu iliyo mbele kidogo ya bawa ina mahali pasipo na dirisha kabisa, kwa sababu mabomba ya kiyoyozi hupita ndani ya ukuta huo. Abiria huuziwa kiti cha dirishani akajikuta ameegemea plastiki tupu.

Tena, madirisha hupangwa na mtengenezaji, ilhali nafasi kati ya viti huamuliwa na shirika la ndege, ndiyo maana baadhi ya viti huangukia katikati ya madirisha mawili. Kabla ya kulipa, tafuta picha zilizopigwa na abiria kutoka kiti hicho hicho katika aina hiyo hiyo ya ndege.

Jibu la tatu
Siku ukipata nafasi ya kupanda ndege ya pangaboi kama ATR 72, usiidharau. Bawa lake liko juu ya madirisha, hivyo ardhi yote iliyo chini yako inabaki wazi, na huruka chini zaidi kuliko jeti. Katika Dash 8 Q400, ambayo nayo ina bawa la juu, magurudumu makuu hukunjwa chini ya injini, kwa hiyo aliyeketi karibu nayo huyaona yakishuka na kugusa ardhi. Mimi huvumilia kelele za pangaboi kwa ajili ya dakika hizo tu.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, ninaweza kujua mapema ndege itatua ikitokea upande gani?

Jibu la kwanza
Unaweza kukisia tu. Ndege hupendelea kutua ikiukabili upepo, na nambari ya njia ya kutulia hutaja mwelekeo wake: 09 ni kuelekea mashariki, 27 ni magharibi. Upepo ukigeuka, mji uliotarajia kuuona kushoto unaweza kuhamia kulia. Kwa hiyo usichague kiti kwa ajili ya kutua. Kichague kwa ajili ya mlima, maana huo hauhami.